Bima Iliyokuwa Hai Siku Stathis Alipomgonga Kumbara Wake

Saa moja na nusu asubuhi, pikapu nyeupe inamaliza kona ya mwisho na kuingia Kastanohori, kijiji cha nyumba za mawe katika milima ya Arkadia. Nyuma imebeba viazi, bamia, mabilinganya, mapichi na matikiti maji. Kipaza sauti cha juu ya paa kinaunguruma: "Nyanya za leo! Mapichi kama sukari! Shukeni, akina mama, shukeni!"

Akina mama wanashuka, lakini kwa manung'uniko. Pikapu haisimami tena mbele ya kanisa kama zamani. Inapita moja kwa moja hadi makaburini, mwisho kabisa wa kijiji, penye nafasi ya kugeuza. Huko ndiko biashara inakofanyika.

"Stathis, mpaka lini utatuuzia vitunguu mbele ya marehemu?" mama mmoja anauliza, kikapu mkononi, pumzi juu juu.

"Marehemu hawabishani bei, mama."

"Tusubiri kidogo tu, nasi tutakuwa wateja wa karibu."

Wanacheka. Sababu ya pikapu kwenda hadi makaburini kila mmoja anaijua, na hakuna anayeitaja. Tangu Oktoba mwaka jana, Stathis Kapsalis hajarudi kinyumenyume hata hatua moja katika kijiji hiki.

Ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiuza mboga katika vijiji kumi na kimoja, vingine havina hata duka la kiberiti. Wiki ikiwa nzuri, anabakiwa na yuro mia mbili na hamsini baada ya mafuta. Wiki ya mvua anabaki na mboga zake.

Mwaka jana ulianza vibaya. Januari gia za pikapu zilikufa, na fundi akala akiba yote. Ushuru wa barabara haukulipwa. Februari cheti cha ukaguzi kikaisha muda, nacho kikabaki hivyo hivyo. Wengine wakikwama namna hiyo huwa wanavirudisha vibao vya namba serikalini na kuliegesha gari mpaka mambo yatengemae.

"Mimi niegeshe, wale bibi wa huku juu wale nini? Mawe?" anasema.

Kitu kimoja alikilipia bila kukosa kila miezi sita: bima. Lakini hakuiamini. Mkahawani, penye wanasheria wengi kuliko mahakamani, ilishaamuliwa zamani kwamba gari lisilo na ukaguzi wala ushuru halina bima, hata ukilipa mara kumi. Aliyesema kwanza hajulikani. Waliokubali ni wote.

"Nilikuwa nalipia kama mtu anayemwashia mshumaa mtakatifu asiyemjua," anasema Stathis. "Kwa heshima tu. Na ili askari akiniuliza niwe na karatasi ya kumwonyesha."

Basi ikaja asubuhi ile ya Oktoba. Alikuwa anarudi nyuma kutoka uwanja wa kanisa. Mteja mmoja akamwita kutoka roshani, anataka kabichi. Stathis akainua uso kumjibu, na mguu wake haukuondoka kwenye mafuta. Nyuma ya pikapu alikuwa anapita Aglaia Dimu, mjane wa miaka sabini na mmoja, amebeba kreti tupu za kumrudishia Stathis mwenyewe.

Breki zilikuwa nzima. Taa zilikuwa nzima. Macho ndiyo hayakuwepo.

Aglaia ni kumbara wake, maana yake ndiye mama wa ubatizo wa Fotini, binti pekee wa Stathis. Huku milimani kumbara ni zaidi ya dada. Humgombezi hadharani, humpiti njiani bila kumsalimu, na kumpeleka kwenye sheria ni jambo ambalo halijawahi kusikika.

Stathis alipiga magoti kwenye mawe, akamshika kichwa. Maneno aliyoyasema yanamwamsha mpaka leo.

"Kumbara, gari halina ukaguzi. Ushuru sijalipa. Bima imekufa. Wakijua, nimekwisha mimi na nyumba yangu."

Aglaia, nyonga imevunjika, alimtazama. "Basi nimeanguka kwenye ngazi," akasema. "Acha kulia, unanidondoshea machozi puani."

Hospitali ikaandika ngazi. Kijiji kizima kikasema ngazi.

Nyonga ilifungwa vyuma, lakini ikaunga vibaya. Alihitaji mazoezi ya viungo mjini miezi mingi. Aliyamudu mara nane tu, tena baada ya kuuza mbuzi wake wote kumi na wawili. Stathis alileta alichoweza: nauli, viazi, dawa za maumivu. Leo Aglaia anatembea kwa mkongojo kutoka kitandani hadi roshani. Msitu wake wa njugu za kastania, ambao msimu ukifika alikuwa wa kwanza kuingia, anautazama kwa mbali.

Mwezi Mei, Stathis alikwenda kulipia bima tena. Safari hii alikuwa ameshalipa ushuru pamoja na faini, na pikapu imepita ukaguzi. Akamuuliza wakala, kama mtu anayepiga soga, kuhusu rafiki yake mmoja aliyemgonga mtu kwa gari lisilo na ukaguzi.

"Huyo rafiki yako anauza mboga?" wakala akauliza, akicheka.

Stathis akavua kofia. Wakala akaacha kucheka, akamweleza taratibu. Ukaguzi na ushuru ni mambo ya mwenye gari na serikali. Ukikamatwa, faini utalipa. Lakini bima iliyolipiwa haifi kwa sababu hiyo. Tena bima ya lazima imewekwa kwa ajili ya aliyegongwa: kampuni inamlipa yeye kwanza. Kama ubovu wa gari ndio ulioleta ajali, inaweza baadaye kumgeukia mwenye gari na kumdai. Gari zima, dereva akiangalia kwingine? Aliyegongwa alipwe tu.

"Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa barabara," anasema Stathis. "Laiti ningeuliza. Swali moja tu. Ofisi ile naipita kila Jumatatu."

Ilimchukua siku nne kupanda ngazi za Aglaia. Alimkuta roshani, anachambua dengu. Akamwambia yote, amesimama, kofia mkononi. Aglaia akaendelea kuchambua. Anajulikana kwa vitendawili, watoto wote wa Kastanohori wamekulia hapo.

"Kitendawili," akasema.

"Kumbara, tafadhali…"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nimekilipia, kimo mfukoni, siku ya shida naapa sina."

"Bima," akasema Stathis.

"Umepata. Miezi saba umechelewa, lakini umepata." Kisha akaisukuma sinia ya dengu pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu agongwe, akalia mbele yake.

Wiki mbili hawakusemezana. Wa kwanza kuvunja kimya alikuwa Aglaia. Alimwita kutoka juu, kama anavyoitwa kumbara mwanamume: "Kumbaro! Umenichukia, au unasubiri nikupigie magoti na nyonga hii?"

Mwanasheria wa mjini amewaambia muda wa kudai haujapita, ila njia ni ya miiba. Karatasi ya hospitali inasema ngazi, na kampuni itaishika hiyo kwa mikono miwili. Dawa ni moja: wote wawili waende polisi waseme walidanganya. Stathis anaweza kupigwa faini, pengine na leseni ikaondoka kwa muda.

Aglaia alikataa mwanzoni. "Nilishakuwa mwongo wa hospitali. Sasa niwe mwongo aliyeungama, kwa umri huu? Na wewe wakikunyang'anya leseni, nani ataleta viazi?"

"Fotini atajifunza kuendesha pikapu."

"Maskini vijiji kumi na kimoja," akasema. Lakini alikubali.

Wamepanga Alhamisi. Stathis hatapanga mboga siku hiyo. Nyuma ya pikapu itabaki tupu, na Aglaia atakaa mbele na mto chini ya nyonga. Akipata fidia, daktari amesema upasuaji wa pili unawezekana, ingawa kupona kabisa hakuahidi.

"Msamaha alishanipa, na huo ndio unaonichoma," anasema Stathis akifunga turubai juu ya matikiti. "Ninachotaka ni nafasi ya kusema mbele ya askari, na iandikwe: huyu mama hakuanguka. Niligonga mimi, nilikuwa naangalia juu."