Bipu Mbili Kutoka Moscow

Mdogo wangu alipokwenda Moscow kusomea udaktari, mimi nilishazoea Toronto, na nilimwekea sheria moja: ukishuka kupanda treni ya chini ya ardhi jioni, nibipu, ukitoka juu karibu na hosteli, nibipu tena. Miaka ile kulikuwa na vijana wenye vipara waliowavizia wanafunzi weusi mle ndani, na njia yake ilikwenda hadi pembezoni kabisa mwa jiji.

Jioni yake ilikuwa mchana wangu. Nilikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno huko North York, simu mapajani.

"Kwani uko na chali huko?" mwenzangu Mkenya alinitania, akidhani nangoja simu ya mpenzi. "Hiyo simu utaimeza!"

Siku moja ya Februari bipu ya kwanza iliingia, ya pili ikagoma. Nikapiga: hapatikani. Nikampa mzee mmoja miadi ya Jumapili, siku ambayo hatufungui. Nilimkasirikia mdogo wangu, nikamkasirikia na baba aliyesema udaktari wa Urusi ndio udaktari. Nikajifungia chooni, nikapiga tena.

Akapokea mwanamke, sauti ya kizee, Kirusi kitupu. Nilijua ni hospitali.

Kisha, kwa mbali, mnong'ono: "Dada, niko chini ya meza yake. Wananitafuta. Ongea naye, usinyamaze."

Baadaye nilielewa: alikuwa mama anayelinda ngazi za umeme za kituo cha treni, amemficha ndani ya kibanda chake. Simu ya mdogo wangu ilipolia, aliipokea kana kwamba ni yake.

Basi nikaongea. Nikamweleza maharage ya nazi yanavyopikwa, nikamsimulia nilivyogombana na jirani yangu wa St. James Town kwa ajili ya mashine ya kufulia. Kila nilipovuta pumzi, yeye alijibu kwa Kirusi na kucheka, kama shoga yangu wa miaka mingi. Mara akacheka kwa nguvu zaidi, cheko lisilo na furaha, nikajua wanapita mbele ya kibanda. Na mimi nikacheka.

Tuliendelea hivyo mpaka koo likanikauka. Hatimaye nikamsikia mdogo wangu vizuri.

"Wameondoka, dada."

"Mpe simu huyo mama. Nataka kumshukuru."

"Kwa lugha gani?"

"Wewe mpe tu."

Akampa. Nililia tu, na yule mama hakukata simu mpaka nilipomaliza.