Mkono Uliokaa Mfukoni

Mwalimu anayesaili waombaji wa chuo cha udaktari wa meno huwapa kisu na kipande cha sabuni, wachonge gego. Hupita nyuma yao kimya, mkono wa kulia mfukoni, akitazama vidole tu. Juzi alisimama nyuma ya binti ambaye gego lake lilishinda yote.

"Mkono unatetemeka, mwanangu."

"Ni woga tu, mwalimu. Utatulia."

"Nami nilisema hivyohivyo." Akautoa wake mfukoni, ukatikisika hata akaushika kwa ule wa kushoto. "Huu ulimkata mgonjwa ulimi. Rudi nyumbani."

Binti akasihi, akamtaja mama yake anayengoja nje. Mwalimu akalichukua gego, akaliweka kabatini, pamoja na mengine mazuri ya waliokataliwa.