Mwisho wa Habari Uko Ng'ambo ya Boya

Goretti Halloran hakuwa mtu wa kutishwa na baridi. Miaka thelathini na miwili alipeleka barua kwa baiskeli huku kwetu kaunti ya Clare, mvua ikimchapa ubavuni, mbwa wakimtoa mbio, na alipostaafu alikuwa amepoteza kadi moja tu ya harusi, ambayo ilitafunwa na mbuzi. Mpaka leo anasema kosa lilikuwa la mbuzi. Na kila asubuhi saa moja, kwa miaka ishirini na sita sasa, alishuka zile ngazi za mawe za kijiji chetu cha Poulroe akaingia baharini. Desemba, Februari, theluji, kwake mamoja. Wageni waliokuja kujaribu walimkuta yeye ndiye mwalimu.

"Lowesha viganja kwanza," angewaambia. "Sasa shingo. Usibane pumzi, mwanangu, itoe pole pole kama unapuliza chai. Dakika ya kwanza ina jeuri, ingoje ipite."

Lakini tuseme ukweli, maana sisi wa Poulroe tunajuana. Goretti hakuwa anaogelea, alikuwa anapiga soga ndani ya maji. Yeye na Nuala Tuohy, mshona mapazia, mwenzake tangu wakiwa shule ya masista, waliingia na kofia zao za sufu kichwani, videvu juu, miguu ikifanya kichura, bega kwa bega mpaka lile jiwe jeusi lililochomoza majini na kurudi. Walitoka nywele kavu, midomo ya buluu na habari za kijiji kizima zimekwisha kuchambuliwa. Katika miaka yote hiyo Goretti hakuwahi kuzamisha uso hata mara moja. Wanawake wote wa Poulroe wako hivyo. Uso ukiwa majini, utaongeaje?

Balaa lilianzia kwenye Krismasi ya Wanawake, tarehe sita Januari, siku ambayo waume hubaki na vyombo vya kuosha na wake hujaa baa. Nuala alikuwa na wiski yake ya moto, ya pili kwa hesabu yake na ya nne kwa hesabu ya wengine, akaona tangazo ukutani: triathloni ya Poulroe, Jumapili ya kwanza ya Juni. Kuogelea mita mia saba na hamsini, baiskeli kilomita ishirini, kukimbia kilomita tano.

"Hebu tazama," alisema. "Kuogelea tunaogelea kila siku. Baiskeli wewe umeshaipanda mpaka imekuomba msamaha. Kukimbia tutatembea kwa hasira."

"Umelewa, Nuala."

"Nimelewa, ndiyo. Nipe tarehe yako ya kuzaliwa."

Wakajiandikisha wote wawili kwa simu ya Nuala kabla glasi hazijakauka. Asubuhi walipokumbuka walicheka mpaka wakakohoa, lakini hakuna aliyejitoa.

Machi, Nuala akiwa juu ya ngazi anatundika pazia la mteja, moyo ulimwendea mrama akaanguka. Siku kumi hospitali. Alirudi mwembamba, na mfuko wa vidonge, na amri ya daktari: maji baridi marufuku, mpaka apimwe tena mwishoni mwa Mei.

Goretti alikwenda kumwona akakaa kando ya kitanda na kofia mkononi. Alitaka kusema kwamba alipopata habari alikaa chini sakafuni jikoni, akashindwa kuinuka. Badala yake akasema, "Nitamwambia Fachtna wa mashindano atufute sote wawili."

"Thubutu!" Nuala alijiinua kwenye mto. "Jina langu wameshalichapa kwenye karatasi. Ukijitoa na wewe watasema wanawake wa Poulroe kazi yao ni kukaa na chupa za chai. Utaogelea, na utamaliza. Niahidi."

Goretti akaahidi. Alirudi nyumbani ameshika tama, kwa sababu kuna jambo hakumwambia: hakuwa na hakika kama anajua kuogelea bila Nuala.

Fachtna, mwalimu wa michezo wa shule yetu na mwandalizi wa mashindano, alimpima kwa saa Aprili ilipoanza, akizunguka maboya ya mashindano. Kijana mpole, masikio makubwa, kila mtu hapa alishamfuta kamasi.

"Dakika thelathini na nne, Bi Goretti," alisema, akiona aibu kana kwamba kosa ni lake. "Mwisho ni ishirini na tano. Ukizidi hapo, hawakupi baiskeli yako."

"Hawanipi? Ile baiskeli ni yangu!"

"Ndiyo, lakini sheria. Na maji yakiwa nyuzi kumi na mbili lazima uvae suti ya mpira. Na uso, Bi Goretti. Uso uingie majini. Ukiinua kichwa miguu inazama, unavuta maji kama ndoo."

Ile suti ilikuja kwa kifurushi, na mumewe, Mossie, aliitwa chumbani kusaidia. Walisukuma, wakavuta, wakampaka mafuta, wakavalisha miguu mifuko ya plastiki ili iteleze. Baada ya nusu saa Goretti alikuwa ndani, mwekundu, anapumua kwa shida, na zipu imepanda mbele mpaka kidevuni.

"Umependeza," alisema Mossie. "Kama soseji ya Jumapili."

Alishuka Poulroe hivyo hivyo, na wanawake wote wa asubuhi wakamtazama kwa heshima mpaka Nuala, aliyekuja na mkongojo na joho lake la buluu, akaangua kicheko cha kwanza tangu Machi.

"Wee Goretti! Umeivaa nyuma mbele! Zipu inakaa mgongoni!"

"Nani anaweka zipu mahali asipofika?"

"Watu wanaozamisha uso, mwenzangu."

Walimvua pale pale kwenye ngazi, wanawake watano wakivuta kama wanachuna sungura. Akaivaa upya, akaingia, akaweka uso majini. Lo! Baridi aliyodhani ni shoga yake wa siku nyingi ilimpiga katikati ya macho, kichwa kikauma kama cha mtu aliyemeza barafu. Akatoa kichwa akitweta. Akajaribu tena. Tatizo halikuwa hata hilo. Chini kule kulikuwa kijani, na kimya. Hakuna sauti, hakuna mtu ubavuni, hakuna "unajua nimesikia nini." Kila akivuta mikono mitatu kichwa kilijiinua chenyewe kikageukia kushoto, upande wa Nuala, na hapakuwa na mtu. Siku ya nne alitoka akaketi ngazini akalia mbele za watu, na Goretti si mtu wa kulia.

"Kuna upweke kule chini," alisema. "Mimi siwezi, Nuala. Kule hakuna cha kusikiliza."

Nuala alimmiminia chai, akamkatia mkate wa zabibu, akanyamaza kidogo. Kunyamaza kwa Nuala ni jambo la kutiliwa shaka. Kesho yake, Goretti akiwa tayari amelowesha shingo, Nuala aliinama pale ukingoni.

"Mjane wa nyumba ya kijani ameonekana mjini Ennis," alisema. "Kashikana mkono na mwanamume. Amevaa kofia ya manyoya, kapaka rangi mdomoni."

"Mjane Lillis? Na nani?"

"Zunguka boya la kwanza. Uso majini. Mwisho wa habari utaupata ukirudi."

"Nuala! Acha uchawi wako. Na nani?"

"Boya."

Goretti alikwenda kwa hasira tupu. Mwanamume gani? Yule wa duka la mbegu? Hapana, yule ana mke. Mpiga kinanda? Wapi, yule hata hamtazami mtu usoni. Aliwaza, akapuliza mapovu, akawaza, na alipogusa ngazi hakukumbuka kama aliinua kichwa.

"Na mwuza majeneza," Nuala alimwambia. "Yule yule aliyemzika mumewe."

"Makubwa haya!"

"Kesho boya la pili."

Ndivyo ilivyokuwa Aprili nzima na Mei. Kila asubuhi Nuala alimkatia habari katikati na kumtupa baharini nayo. Nani alipaka rangi ya zambarau lango la paroko. Kwa nini binti wa mwokaji kavunja uchumba. Nyingine nadhani alizitunga, maana kijiji chetu hakina wazinifu wengi kiasi kile. Dakika thelathini na nne zikawa thelathini, zikawa ishirini na saba. Wiki ya mwisho, ishirini na tano na nusu. Bado nusu dakika, na nusu dakika hiyo iligoma kabisa kutoka.

Jumapili ya mashindano upepo ulikuwa wa magharibi, maji nyuzi kumi na mbili, watu mia moja na ishirini wamejipanga na kofia za rangi ya chungwa. Goretti alichomoka mstarini akaenda kumtafuta Nuala. Nuala alisimama kwenye uzio wa kamba, karibu na ngazi, na chupa yake ya chai kwapani. Alikuwa amevaa viatu vizuri, vya kanisani.

"Haya, nipe," alisema Goretti. "Leo nani?"

Nuala alimwangalia. "Alhamisi nilikwenda kwa daktari wa moyo," alisema. "Vipimo vimerudi. Akanikalisha, akavua miwani, akaiweka mezani. Akaniambia, 'Nuala...'"

"Akakuambia nini?"

"Fachtna anapuliza filimbi, nenda."

"Nuala Tuohy, amesema nini? Haya si ya kufanyia mchezo!"

"Mwisho uko ng'ambo ya boya. Nenda!"

Filimbi ikalia. Watu wakamsukuma, akaingia baharini akitukana, na bahati nzuri alitukana ndani ya maji.

Dakika ya kwanza ya jeuri hakuiona hata ilipopita. Mtu alimpiga teke begani, hakujali. Daktari wa Nuala amevua miwani. Daktari wa mama yake alivua miwani. Daktari wa ndugu yake pia. Daktari akiwa na habari njema anakuambia huku anaandika, hata hakutazami. Kwenye boya la mbali wimbi lilimjaza maji mdomoni, akainua kichwa, na kwa mazoea ya miaka ishirini na sita akageukia kushoto. Bahari tupu. Akaanza kichura, kidevu juu, akikohoa, wenzake wakimpita mmoja mmoja. Akauona ufuko mbali kule, na kwenye kamba doa dogo la joho la buluu. Likiwa limesimama tu, linamngoja, na neno moja mdomoni.

Uchu wa kulipata neno lile ulimpanda. Aliweka uso majini. Kule chini kulikuwa kijani na kimya kama siku zote, lakini safari hii alikuwa na cha kusikiliza, na alikisikiliza mpaka mwisho, mkono kwa mkono, mpaka vidole vikagusa jiwe la ngazi.

"Ishirini na nne na sekunde hamsini!" Fachtna alipiga kelele akirukaruka. "Bi Goretti, umepita! Baiskeli kulia! Kulia!"

Goretti akaenda kushoto. Alikwenda akiyumba, suti inamwaga maji, mpaka kwenye kamba, akamshika Nuala mikono yote miwili kwa vidole visivyo na hisia.

"Amesema nini?"

"Saa inakwenda, mwenzangu."

"Iende! Amesema nini?"

"Amesema sitaogelea tena. Si Septemba, si mwakani. Basi."

Watu walikuwa wanashangilia pande zote.

"Kwa nini hukuniambia Alhamisi?"

"Leo ungekuwa hapa?"

Goretti alijua asingekuwa. Angekuwa jikoni kwake, amekaa sakafuni.

"Ila bado hujapata mwisho," alisema Nuala, na sasa machozi yalikuwa yanamteremka bila kuyafuta. "Nilimuuliza, je, mpaka magotini? Akafikiri, yule mzee. Akavaa miwani yake tena. Akasema magoti hayana moyo. Magoti ruhusa."

"Magoti tu?"

"Magoti tu. Sasa nenda ukapande baiskeli, umenilowesha viatu."

Goretti alimaliza wa mia moja na kumi na sita. Mossie aliwahesabu watu wote waliokuwa nyuma ya mkewe, wanne, mmoja mmoja kwa jina, wiki nzima.

Jumatatu saa moja asubuhi walishuka ngazi pamoja, pole pole, kofia za sufu kichwani. Nuala alikunja suruali. Waliingia mpaka magotini wakasimama. Na aliyewahi kusimama katika bahari yetu maji yakimfika magotini anajua kwamba hakuna baridi mbaya kama ile, maana mwili haupati pa kujificha, na upepo unamaliza sehemu iliyobaki.

"Nenda basi ukaogelee," alisema Nuala, meno yakimgongana. "Sasa unajua. Nitakutazama nikiwa hapa."

"Nani kakuambia nataka kuogelea?" Goretti alimshika mkono, wakasogea bega kwa bega. "Nambie habari za mjane Lillis. Na leo, tafadhali, usinikatie katikati."