Nilivyozipeleka Kwaki Momba

Nilisafiri kwenda Momba kumwomba baba mkubwa ruhusa. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea fizikia ng'ambo, lakini tangu baba yangu afariki, sitoki kwenda mbali bila baba mkubwa kuninyunyizia maji ya baraka. Kwenye simu alikataa katakata.

"Kaka yako alivuka mpaka, mpaka leo hajarudi. Na hicho unachokwenda kusoma hata hakionekani."

Tunduma basi lilitushusha asubuhi, baridi inauma, malori yamejipanga mpaka macho yanachoka. Muuza vitumbua alinisalimu "Mulishani," salamu ya ng'ambo ya mpaka, nikajiona mgeni kwetu. Nikaparamia pikapu ya Chitete, nimepakata kipimo cha umeme cha maabara kama kitoto kichanga. Barabara ilitukung'uta kisawasawa. Kadiri tulivyoteremka bondeni joto lilizidi, na wasiwasi wangu pia.

Kutoka Chitete nilichukua pikipiki hadi kijijini. Baba mkubwa alinikumbatia, kisha akakaa kunisikiliza.

Mchana, jikoni kumejaa moshi, nikaunganisha waya wa chuma katikati ya nyaya mbili za shaba, na ncha za shaba nikazichomeka kwenye kipimo. Kiungo kimoja nikakitia kwenye sufuria inayochemka, cha pili kwenye beseni la maji niliyomwomba mama mkubwa.

"Joto litasukuma umeme, utauona," nikatamba.

Mshale ukajitingisha kidogo tu, ukalala.

"Basi, mwanangu," akasema baba mkubwa. Machozi yakanilenga. Nikachovya kidole kwenye beseni, nikaruka.

"Mama mkubwa, si niliomba ya baridi?"

"Mgeni katoka safari, ananawaje maji baridi? Nimechota humo humo sufuriani."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Akaleta maji ya mtungini, na mshale ukainuka.

Nikaeleza kwamba joto likiwa sawa pande zote halisukumi kitu, lazima upande mmoja upoe. Hesabu nitakazofanya ng'ambo ni hizo hizo, ila kwenye maada yenye joto lisilosemeka, ambamo hata protoni huyeyuka zikabaki chembe ndogo ziitwazo kwaki, zikielea huru. Ikipoa, kwaki hushikana tena na kuwa hadroni, yaani protoni na jamaa zake. Nataka kujua joto husukuma umeme kiasi gani kabla hazijashikana, na baada yake.

Baba mkubwa aliufuata waya kwa kidole mpaka alikoanzia.

"Huu umeme ukishafika kwenye baridi, unarudi?"

"Usiporudi hautembei kabisa, baba." Nikachomoa ncha moja kwenye kipimo, mshale ukalala. Nikairudisha, ukainuka.

Akachota maji ya beseni, akaninyunyizia kichwani. "Nenda. Moto wa huku tutautunza sisi."

Kesho yake nilirudi Tunduma nikiwa mwepesi wa moyo. Nimejifunza kwamba mzee hakuwa na ugomvi wowote na kwaki; alihofia kunipoteza. Zile nyaya nimemwachia. Amezitundika juu ya mlango, na ncha zake amezifunga pamoja.