Taya la Mama Mkwe

Hapa zahanati tulimwita Bwana Matumbo, wala hakukasirika. Kazi yake ilikuwa mashine ya ultrasaundi, na wengi waliamini mashine ile ni ya wajawazito tu. Akisema inaona hata kiungo cha taya, pale mbele ya sikio, wagonjwa walicheka. Mimi, muuguzi wa chumba kile, nilikwisha kumwona akimwekea mtu kichwa cha mashine shavuni na kumwamuru: achama, zaidi, zaidi, kama unapiga mwayo wa Jumatatu. Wazee kwa vijana, wote aliwaachamisha bila haya.

Alikuwa na sababu. Ndani ya kiungo kile kuna kisahani laini cha gegedu, na kikihama mahali pake huonekana vizuri taya likitembea. Mdomo ukifunguliwa nusu, picha haina la kusema.

Basi akaletwa mama mkwe wake. Alikuwa fundi cherehani, mpole, na tangu binti yake aolewe hakuwahi kutafuna hata tonge moja mbele ya mkwewe. Bwana Matumbo naye alimsalimia akitazama viatu vyake mwenyewe. Sasa taya la mama lililia kakaka kila akitafuna, akawa anaishi kwa uji, na nguo zilikuwa zikimpwaya. Daktari wa meno alitaka kujua kabla hajagusa kitu: tatizo ni jino au ni kiungo? Jibu lilikuwa mikononi mwa mkwe.

Nilimshauri ampeleke kwa mwenzake wa hospitali kubwa. Akasema mkewe angeona anamkwepa mama yake.

Mama alilala kitandani, mtandio umefika kidevuni. Mkwewe alimpaka jeli kwa ncha ya kidole, kama anayepima joto la pasi.

"Samahani, mama. Naomba ufumbue mdomo kidogo."

Mama akafumbua kidogo, kidogo kweli, akaweka na kiganja mbele ya mdomo. Nilisubiri Bwana Matumbo atoe lile neno lake la kila siku, achama. Halikuja. Nikamkanyaga mguu, akanitazama kama nimemtukana. Akamwambia mama inatosha, akampa pole, akazima mashine. Kisha akaandika kwamba kiungo ni kizima.

Nilimfuata koridoni nikamwambia picha ile haifai hata kufungia karanga. Alinijibu kwa ukali, jambo ambalo si kawaida yake, kwamba yule ni mama wa mke wake, si mtu wa foleni. Hasira zilinipanda hadi utosini, lakini mwenye kusaini alikuwa yeye.

Kiungo kikiwa kizima, lawama zikaangukia meno. Daktari aling'oa magego mawili, na yalikuwa magumu kutoka, mama akashikiliwa mdomo wazi muda mrefu. Kesho yake taya likagoma. Kijiko cha chai kilipita kwa taabu. Magego yenyewe hayakuwa na hata tundu.

Binti yake ndiye aliyemrudisha kwetu, akamshika mkono mpaka kitandani. Safari hii Bwana Matumbo hakuomba samahani.

"Mama, achama. Achama kabisa."

Mama akautupa mtandio kando, akashusha mikono, akamkazia mkwewe macho. Alijitahidi mpaka machozi yakachanganyika na jeli. Mdomo haukufunguka. Kwenye kioo cha mashine hata mimi niliona: taya lilianza kusogea, likakuta kisahani kimejikunja mbele yake, likasimama. Hapo awali lingeweza kutulizwa kwa kifaa cha kuvaa menoni na mazoezi. Sasa sikujua, na nilivyomtazama Bwana Matumbo, naye hakujua.

"Mara ya kwanza hukukiona hiki?" mkewe akauliza.

"Sikumwambia mama aachame."

Mkewe alimtazama asielewe. Mtu anayewaachamisha watu kutwa nzima ameshindwaje kumwambia mmoja? Mama akamvuta mkwewe kwa mkono wa koti, akasema kwa meno yaliyobana, polepole:

"Hata ungeniambia, baba, ningeona haya."

Nilikuwa karibu, nikayasikia maneno yake. Mkewe hakuyashika, akamuuliza mumewe mama amesema nini.

"Anasema anaumwa," Bwana Matumbo akamjibu, akaanza kumfuta mama jeli usoni.