Bi Naibu wa Kuze

Sisi tuliokulia Kuze enzi za video moja kwa mtaa mzima tunaujua utamu wa kungoja. Video yenyewe ilikuwa ya Mama Sakina, mke wa Mhindi muuza vitambaa, na kila Ijumaa baada ya alasiri alitufungulia mlango watoto wote. Viatu nje, miguu ipanguswe, na ole wake atakayedondosha achari kwenye zulia. Tulibanana sakafuni, vidole vyekundu kwa mabuyu, chumba kikinukia udi na jasho letu, tukitazama katuni ileile ambayo tulikuwa tumeihifadhi kuliko juzuu zetu za Kurani chuoni.

Kiingereza chake hatukukielewa sana, basi wahusika tuliwapa majina wenyewe. Mfalme mwovu mwenye kofia ya chuma tulimwita Bwana Kutu, na kazi yake ilikuwa kupiga makelele. Mwenye akili alikuwa yule mwanamke aliyesimama kando ya kiti chake, mchawi wa joho refu la zambarau. Yeye ndiye aliyesoma azima za kichawi, yeye aliyepanga vita, yeye aliyemwokoa bwana wake kila aliposhindwa. Tukamwita Bi Naibu. Macho yake hayakubanduka kwenye kile kiti. Alikitaka, na hakuficha, kwa sababu alijua angekikalia vizuri zaidi.

Katuni ikiisha tulimwagika uchochoroni kuicheza. Swaleh alikuwa Bwana Kutu, si kwa kipaji, bali kwa sababu baraza tuliyoifanya kiti cha enzi ilikuwa ya kwao. Bi Naibu alikuwa Rukiya, rafiki yangu wa nyumba ya pili. Mimi na wengine tulikuwa askari, kazi yetu kufa. Rukiya alijifunga leso ya mamake mabegani, akainua mwiko, akatamka maneno aliyoyatunga mwenyewe, yasiyo Kiarabu wala Kihindi, kwa sauti ya kusisimua mwili. Akikugeuza jiwe, umekuwa jiwe. Swaleh akisahau la kusema, Rukiya humnong'oneza, naye hulitamka kana kwamba limetoka kichwani mwake.

Jioni moja akamgeuza jiwe Athumani, mtoto wa Bi Time. Athumani akasimama mkono juu, na mamake alipomwita hakuitika, maana jiwe haliitiki. Kesho yake akaamka na homa kali.

Bi Time hakupiga hodi. Alikuja buibui limemkaa upande, akasimama mlangoni kwa kina Rukiya, uchochoro mzima ukisikia.

"Mwanao amemroga mwanangu! Nimemsikia kwa masikio yangu akimsomea!"

"Bi Time, hawa ni watoto, wanacheza tu," mamake Rukiya akajaribu.

"Sihiri haina mchezo!"

Babake Rukiya, mtu mpole aliyeogopa maneno ya watu kuliko moto, akamwita binti yake mbele ya kadamnasi. Nilikuwepo. Leso ingali mabegani mwake.

"Kuanzia leo hutoki tena kucheza njiani."

"Baba, na Swaleh je? Si yeye ndiye mkubwa wetu? Ndiye aliyeniamuru nimgeuze!"

Watu wazima wakacheka. Wakacheka! Babake Swaleh akampapasa mwanawe kichwa, akasema, "Huyu ni mwanamume, anacheza tu."

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo, na kichwa changu kimejaa mvi. Mkuu wa uovu wote, mwenye kiti, mtoa amri, anapapaswa kichwa! Naibu wake anafungiwa ndani!

Wiki haikuisha, Athumani akatokwa na vipele uso mzima. Surua. Nusu ya uchochoro tuliipata, Swaleh na mimi tukiwemo. Nani alisimama mlangoni kusema amekosea? Bi Time alipeleka sahani ya vitumbua kwa kina Rukiya, sahani ikarudi na kaimati, mambo yakaisha baina ya wakubwa. Rukiya hakufunguliwa. "Ameshakua," wakasema, kana kwamba amekua ndani ya wiki ile. Mchezo nao ukafa. Swaleh alipanda barazani akapiga kelele, "Washambulieni!" tukabaki kutazamana, hakuna aliyejua tumshambulie nani, wala kwa hila gani.

Sasa juzijuzi binti yangu Salma akanijia na simu mkononi. "Mama, katuni yenu imetengenezwa upya! Filamu kabisa!"

Nikavaa miwani upesi. Vijana wa leo filamu huitazama kwa kuirusha mbele, kidole hakitulii, kama wanaofukuza inzi. Nikamlazimisha tuitazame yote. Laiti nisingemlazimisha. Bi Naibu wamemtungia kisa: eti alipenda, akaachwa, ndipo akaharibika. Mwisho anapiga magoti, analia, anaomba radhi, na kiti anakalishwa mwengine. Salma akajifuta machozi.

"Maskini, kumbe alivunjwa moyo."

"Hakuvunjwa kitu!" nikafoka. "Alitaka kiti!"

"Lakini Mama, si lazima kuwe na sababu?"

"Na Bwana Kutu sababu yake ni ipi? Kuna aliyemuuliza?"

Akazima simu.

Nikampigia Rukiya, ambaye siku hizi anakaa mtaa wa Buxton na ana mjukuu. Kumbe naye alikuwa ameiona.

"Wajua kilichoniuma?" akasema. "Yule mwanamke sikumpendea wema. Nilimpenda kwa kuwa alisema waziwazi alitakalo. Mimi tangu siku ile sijapata tena kusema nitakalo kwa sauti."

Nilipopita Kuze baada ya hapo, alasiri, saa zetu zilezile, njia ilikuwa kimya. Watoto wako ndani kwa hiari yao, kila mmoja kainamia kioo cha simu yake. Enzi zetu mwanamke mwenye tamaa ya kutawala aliogopwa, akafungiwa. Enzi hizi anahurumiwa mpaka analizwa, na muziki mzuri chini yake. Sisemi zetu zilikuwa za haki. Nasema tu kwamba njia ilikuwa na sauti, na mojawapo ilikuwa ya msichana anayetoa amri, na sijaisikia tena.