Kinyozi Aliyetembea Vizuri Mno

Kinyozi alipoteza mguu wa kushoto kwa sababu ya adabu. Lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma, dereva akapiga honi, naye kwa kuwa ni mtu wa watu akadhani anasalimiwa. Akasimama kuitikia.

Walimkata chini ya goti. Goti likabaki, na fundi wa miguu bandia, mama mnene ambaye mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga wa plasta kutwa nzima hadi wagonjwa wakamwita Mama Plasta, alimwambia siku ya kwanza bila kuzunguka.

"Baba, sikiliza. Mwenye goti anasimama kutwa. Asiye na goti anasimama akipata pa kushika. Wewe ukiwa kazini mikono yote miwili iko kichwani kwa mtu. Hilo goti likienda, kazi imekwenda."

"Nitalilinda kama mboni ya jicho, Mama."

"Macho unayo mawili. Goti la upande huu ni hilo moja."

Mguu wa kwanza aliopewa ulikuwa wa msaada. Kuna mtu aliuvaa kabla yake, na bado ulikuwa na mwendo wa huyo mtu. Kinyozi akienda kulia, mguu ulikuwa na safari zake. Aliweza kusimama nao muda wa kunyoa kichwa kimoja cha mtoto, tena mtoto mpole. Dukani, mdogo wa mkewe alikuwa ameshakamata mashine.

"Pumzika, shemeji," alisema huyo kijana. "Mimi nitawanyoa."

"Unawanyoa au unawafyeka?"

"Mbona wanarudi?"

"Wanarudi kutafuta masikio yao."

Lakini kweli walikuwa wanarudi, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Ndipo chuo kikuu kikaleta utafiti. Aliyetumwa alikuwa kijana mwembamba aliyesoma na kusoma hadi akabakiwa na jambo moja tu la kusomea, nalo ni jinsi watu wanavyotembea. Wagonjwa wakambatiza Daktari Mwendo. Alikuja na miguu tisa mipya, myepesi kama kapu tupu, kila mmoja na kikombe cha plastiki kinachokimeza kigutu bila mikanda. Atakayetembea nao wiki kumi na mbili, akija kupimwa kila Ijumaa, mguu ni wake.

Chumba cha kupimia kilikuwa na njia nyeusi ya mpira, kamera nane ukutani, na sahani ya chuma iliyofichwa chini ya sakafu ili impime mtu uzito wake bila mwenyewe kujua. Walimbandika Kinyozi vimipira vinavyong'aa kwenye nyonga, magoti na vifundo, kisha kwenye kompyuta akageuka vijiti vitupu vinavyotembea.

"Tunataka miguu yote miwili itumie muda sawa na ibebe uzito sawa," alieleza Daktari Mwendo. "Tunauita ulinganifu."

"Mwenye miguu yake yote anapata ngapi?"

"Tisini na saba, tisini na nane hivi kwa mia."

"Kumbe hata nyie mnachechemea."

Kijana akacheka. Alikuwa mtu mzuri, na hilo liandikwe mapema, maana mbele huko halitaonekana kwa urahisi.

Mkataba ulikuwa na kurasa saba. Ukurasa wa sita ulisema kwamba mshiriki atakayepata kidonda ataondolewa kwenye utafiti, kwa usalama wake, na mguu utarudishwa. Kamati nzima ya watu wenye huruma ilikaa ikaitunga sentensi hiyo, na kila mmoja wao akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Wiki nne za kwanza zilikuwa raha. Kinyozi alisimama kuanzia asubuhi mpaka jioni, akanyoa, akasengenya, akamhamishia shemeji yake kwenye stuli ya mlangoni. Wiki ya tano kikatokea kidonda, mbele ya kigutu, palipochongoka mfupa. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya harage.

Ijumaa karatasi ikauliza: Je, umepata kidonda wiki hii? Kinyozi akaweka alama kwenye Hapana. Wenzake wanane nao wakaweka Hapana. Kwenye korido walikoketi kulinukia spiriti kama chumba cha sindano, na hakuna aliyemuuliza jirani yake anatibu nini.

Kutembea na kidonda kuna ufundi wake, naye aliupata. Kamera zilipima pembe za goti, sahani ikapima uzito, saa ikapima muda. Mashine zilipima kila kitu isipokuwa meno. Basi Kinyozi akaling'ata shavu kwa ndani, akahesabu hatua moja moja, akatembea kwa uangalifu ambao mtu mzima hana sababu ya kuwa nao. Wiki ya tano alipata themanini na nane. Wiki ya nane, kidonda kikiwa kimefika ukubwa wa kifuniko cha soda, akapata tisini na mbili. Daktari Mwendo alipeleka picha ya vijiti vyake kwa wakubwa zake, wakafurahi.

Nyumbani mkewe alikuta soksi ya kigutu imelowekwa kwenye kopo nyuma ya mlango, maji yamekuwa mekundu.

"Baba watoto, hii ni nini?"

"Rangi ya nywele. Ilinimwagikia kazini."

Mkewe akainusa. "Rangi gani inanuka nyama?"

"Zimebaki wiki nne tu," alisema Kinyozi. "Nikisema sasa, wananivua. Naanza tena kukaa hapa nikikutazama unapika."

Mkewe aliifua soksi mwenyewe, akaianika ndani, ambako majirani hawaoni.

Aliyebaki wa kumwokoa alikuwa Mama Plasta, naye alikuwa amekatazwa kugusa mguu wowote mpaka wiki ziishe, asije akaharibu matokeo. Alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba cha kupimia kama mama mkwe asiyealikwa. Wiki ya tisa akamdaka Kinyozi koridoni.

"Mbona unatembea vizuri hivyo?"

"Sasa hilo nalo kosa?"

"Miaka ishirini nawavisha watu miguu. Mtu akishauzoea mguu anaanza uvivu, anauburuta kidogo, anafikiria mambo yake. Wewe unakanyaga kama umebeba mayai. Vua nione."

Hapo ndipo mambo yote yaliposimama, kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili hivi. Kinyozi akatabasamu.

"Hairuhusiwi, Mama. Utaharibu matokeo."

Mama Plasta akamwangalia, akaangalia mlango wa Daktari Mwendo, akafuta mikono kwenye aproni. Naye alikuwa na kazi yake ya kulinda. Akaondoka.

Wiki ya kumi na mbili Kinyozi alipata tisini na sita. Walimpigia makofi, wakampa karatasi yenye muhuri.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne, dukani, mteja mmoja alisema mtaro wa nje uzibuliwe, unanuka.

"Shemeji," alisema yule kijana wa stulini, kwa sauti ya chini, "mtaro hauna neno. Harufu inatoka kwenye suruali yako."

Kinyozi alitaka kumjibu jibu zuri, lakini homa ilikuwa imemtangulia. Alianguka mashine ikiwa bado inanguruma mkononi. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye mfupa. Alhamisi walimkata tena, safari hii juu ya goti.

Daktari Mwendo alikuja wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda, macho sakafuni.

"Nimewaambia wakubwa," alisema. "Wanasema utafiti uliisha Ijumaa. Ripoti inasema washiriki tisa, vidonda hakuna."

"Na mimi?"

"Wewe ulimaliza salama. Jumanne haimo."

Kinyozi alimtazama kijana akilia, akaona aibu kumwongezea neno. Mguu ulikuwa wake sasa, halali kabisa. Ulikuwa mguu wa mtu mwenye goti.

Miezi miwili baadaye alifika kwenye karakana ya hospitali kwa magongo, ili Mama Plasta amchukulie vipimo vya mguu wa kawaida, wa kumfikisha chooni na kumrudisha. Korido ilikuwa imejaa. Kwa vile vidonda havikupatikana, awamu ya pili ya utafiti ilikuwa imeongezwa watu, sasa walikuwa kumi na wanane. Kinyozi akaketi karibu na dada mmoja aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alinukia poda, na chini ya poda, spiriti.

"Mwalimu," alisema Kinyozi, "una kidonda."

"Nani kakwambia?"

"Vua leo hii. Waambie. Mimi nilinyamaza, tazama." Akainua suruali iliyofungwa fundo.

Wa benchi la pili akageuka. "Kaka, tafadhali. Usituharibie."

"Nawaharibia nini? Mtakatwa magoti."

Mwalimu alikitazama kile kigutu kifupi, hakukwepesha macho. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Wewe ulisimama kazini wiki ngapi?"

"Zote kumi na mbili. Kutwa nzima."

"Wiki kumi na mbili," alisema Mwalimu polepole. Jina lake likaitwa. Akasimama, akaweka sketi sawa, akaenda kupimwa.